Kusoma Povu

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 25 Aprili 2019, Chikongola haikuwa na sauti. Maduka yalikuwa yamefungwa, bodaboda hazikuonekana kijiweni, na sisi wanafunzi tulikuwa tumeambiwa tubaki nyumbani. Nilikuwa kidato cha sita, mtihani wa taifa umebakiza wiki mbili hata hazijatimia, na nilikuwa nimekaa barazani na kitabu cha fizikia mapajani bila kusoma hata ukurasa mmoja. Bibi alikuwa ndani akifunga nguo, vyeti na kadi ya kliniki kwenye kanga moja. Mjomba alikuwa juu ya paa akipanga matofali na matairi makuukuu juu ya bati.

Redio ilikuwa inarudia jina lilelile: Kenneth. Kimbunga kikubwa kilikuwa kimepita kaskazini mwa Komoro usiku, kinakuja magharibi, na sisi wa Mtwara na Lindi tulitakiwa kukaa mbali na bahari na kutafuta majengo imara.

Mjomba ni mvuvi. Alishuka ngazi, akajipangusa mikono, akaniambia kama vile mimi ndiye niliyetoa tangazo.

"Mjomba, nimetoka Feri alfajiri. Mawimbi yanakuja, tena marefu, yana nguvu. Lakini povu hakuna. Upepo ungekuwa karibu ningeliona povu."

Bibi akamjibu kutoka ndani. "Mwaka wa hamsini na mbili nao wavuvi walikuwepo."

Hakuna aliyeongeza neno. Bibi alikuwa mtoto mdogo Aprili 1952, kimbunga kilipopiga pwani ya Lindi na kuua watu. Anachokumbuka ni minazi: anasema asubuhi yake ililala yote upande mmoja, kama nywele zilizochanwa.

Jioni mvua ilinyesha. Upepo ulivuma, matawi machache ya mwembe yakaanguka, umeme ukakatika. Bati letu halikutikisika. Kenneth alikuwa amepita kusini yetu, akaingia nchi kavu Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado, kama kilomita 200 kutoka tulipokuwa. Kesho yake kijiweni watu walicheka. Kimbunga kikawa utani, na mtu akichelewa kulipa deni aliambiwa amekuwa kama Kenneth, anatangazwa lakini hafiki.

Nyumbani kwetu hatukucheka sana. Mdogo wake Bibi anaishi Macomia, ng'ambo ya Ruvuma. Sisi watu wa huku tuna ndugu pande zote mbili za mto, na mpaka huo hatukuuchora sisi. Simu yake haikupatikana siku hiyo, wala kesho yake, wala siku saba zilizofuata. Macomia ni moja ya sehemu ambazo Kenneth alizipiga kwa nguvu zote.

Kwa hiyo nilikuwa na maneno mawili kichwani ambayo hayakupatana. Mjomba alisema kweli: hapakuwa na povu. Redio nayo ilisema kweli: kimbunga kilikuwepo, kikubwa, na kiliua. Ilinichukua miaka mitano na nusu ya shahada ya uzamili kutambua kwamba maneno hayo mawili ni historia moja, na kwamba chombo cha kisasa cha kupima upepo wa kimbunga kilizaliwa kutokana na jambo lilelile ambalo Mjomba alilitazama alfajiri ile pale Feri.

* * *

Tuanze na macho, maana yalitangulia vyombo vyote.

Mwanzoni mwa karne ya 19, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aitwaye Francis Beaufort alitunga kipimo cha upepo chenye ngazi kuanzia 0 hadi 12. Mwanzoni alipima kwa matanga: upepo huu unaruhusu matanga mangapi, ule unalazimu yashushwe yote. Meli za matanga zilipopungua, kipimo kilihitaji msingi mwingine, na katika karne ya 20 wataalamu walikiandika upya kwa sura ya bahari yenyewe. Ngazi ya 3, vichwa vyeupe vya hapa na pale. Ngazi ya 4, vichwa vyeupe vingi. Ngazi ya 8, povu linajipanga mistari kufuata upepo. Ngazi ya 12, upepo wa kilomita 118 kwa saa na kuendelea, bahari yote ni nyeupe na hewa imejaa povu na marasha ya maji.

Mvuvi yeyote wa Mtwara angeweza kuandika orodha hiyo, pengine kwa majina bora zaidi. Ila angekutana na tatizo lilelile: ngazi ya 12 ndiyo ya mwisho. Bahari ikishakuwa nyeupe yote, jicho halina tena cha kuhesabu. Upepo wa kilomita 120 na upepo wa kilomita 200 vinafanana machoni, ilhali mmoja unang'oa mabati na mwingine unabomoa kuta.

Tarehe 27 Julai 1943, rubani Joseph Duckworth wa jeshi la anga la Marekani aliingia na ndege ndogo ya mafunzo ndani ya kimbunga karibu na Galveston, Texas. Inasimuliwa kwamba alifanya hivyo kwa sababu ya ubishi. Alitoka salama, na tangu hapo Wamarekani wakaanza kutuma ndege ndani ya vimbunga kama kazi ya kawaida. Ndani ya ndege hizo mtaalamu wa hali ya hewa alikaa dirishani, akatazama chini pale mawingu yalipoachana, akasoma povu. Kazi yake ilikuwa ya Mjomba, ila aliifanya akiwa angani na amefungwa mkanda. Si wote waliorudi. Septemba 1955, ndege ya jeshi la majini la Marekani iliingia ndani ya kimbunga Janet katika bahari ya Karibi ikiwa na watu 11, na haikuonekana tena.

Tatizo la jicho lilibaki palepale. Halioni usiku, halioni kupitia mawingu, na likiona nyeupe tupu linanyamaza.

* * *

Sasa sufuria. Bibi ana mbili za ukubwa mmoja. Moja anaisugua kwa mchanga mpaka inang'aa, nyingine imejaa masizi. Zikijazwa maji ya moto sawasawa, ukiweka kiganja karibu nazo bila kuzigusa, ile yenye masizi utaihisi zaidi. Joto lao ni moja, ila kitu kinachong'aa kinatoa mionzi kidogo ya joto lake, na kitu cheusi kinatoa nyingi.

Kila kitu duniani kinatoa mionzi ya namna hiyo, na sehemu yake ndogo hutoka kama mawimbi ya maikrowevu, jamaa wa mawimbi ya redio. Radiometa ni chombo kinachopokea mawimbi hayo. Hakitumi chochote kama rada inavyofanya. Kinasikiliza tu. Na kwa radiometa, bahari tulivu ni sufuria iliyosuguliwa. Maji yana joto la nyuzi 27, lakini yanatoa mionzi michache sana, kama theluthi moja na ushee ya ile ambayo kitu cheusi cha joto hilo kingetoa. Kwa hiyo katika chombo, bahari ya kwetu ambayo watoto wanaogelea mchana kutwa inasomeka kama kitu cha nyuzi 160 chini ya sifuri.

Upepo ukivuma, mawimbi yanavunjika na povu linazaliwa. Povu ni maji na hewa vilivyochanganyika, na mchanganyiko huo haung'ai. Ni masizi ya bahari, ingawa rangi yake ni nyeupe. Kila eneo linapofunikwa na povu, radiometa inaliona limepata joto ghafla. Povu likizidi, joto hilo la kuonekana linazidi.

Waliolithibitisha jambo hili kwa ndege waliongozwa na William Nordberg, mwanafizikia mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi NASA. Machi 1969 walirusha ndege ya abiria iliyogeuzwa maabara, aina ya Convair 990, juu ya Bahari ya Kaskazini na Atlantiki, wakitafuta kusudi siku mbaya. Chini ya ndege walifunga radiometa ya mawimbi yenye urefu wa sentimita 1.55. Walikuta kwamba upepo ukiwa mdogo, povu halileti tofauti ya kuonekana. Ukishapita mita 7 hivi kwa sekunde, kila mita moja inayoongezeka inapandisha usomaji kwa zaidi kidogo ya nyuzi moja, na hali hiyo iliendelea mpaka mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971.

Nilikutana na makala hayo nikiandaa sura ya pili ya tasnifu yangu, ile ambayo wanafunzi wote tunaiita sura ya kusoma mpaka macho yaume. Nilisoma sentensi kuhusu povu, nikaacha kalamu mezani. Nilimwona Mjomba anashuka ngazi.

Convair ile haikuishi muda mrefu. Aprili 1973 iligongana angani na ndege ya jeshi la majini ikijiandaa kutua California. Watu 16 walikufa, na aliyepona ni mmoja tu. Nordberg mwenyewe alifariki mwaka 1976. Ninawataja kwa sababu katika makala za kisayansi ndege huitwa "jukwaa", kana kwamba hakuna mtu aliyekaa ndani yake.

* * *

Kulikuwa na kizuizi kimoja kikubwa. Kimbunga hakiji na upepo peke yake, kinakuja na mvua, na mvua nayo inatoa mawimbi ya maikrowevu. Radiometa ikiona joto chini yake itajuaje kama ni povu au ni mvua iliyo katikati?

Jibu lilipatikana kwa hesabu ambayo kila aliyepita kidato cha pili anaijua. Ukiwa na vitu viwili usivyovijua, mlinganyo mmoja hautoshi, unahitaji miwili. Mvua inaonekana kidogo kwenye masafa ya chini na inaonekana zaidi kadiri masafa yanavyopanda. Povu halibagui sana, linaonekana karibu sawa katika masafa yote hayo. Kwa hiyo ukipima bahari ileile kwa masafa kadhaa, moja baada ya jingine kama mtu anayepanda ngazi, tofauti kati ya ngazi na ngazi inakuambia mvua ni kiasi gani, na kinachobaki kinakuambia upepo.

Calvin Swift na wenzake wa kituo cha NASA cha Langley walijenga chombo cha namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa Kiingereza kinaitwa SFMR. Agosti 1980 kilipandishwa kwenye ndege iliyoingia ndani ya kimbunga Allen, na matokeo yakatoka katika jarida la Science mwaka uliofuata. Kwa mara ya kwanza upepo ulio juu ya uso wa bahari, chini ya mvua na mawingu ya kimbunga kikali, ulisomwa mfululizo ndege ikipita. Povu ambalo jicho linaliona kama nyeupe tupu, chombo kiliendelea kulihesabu.

Safari kutoka jaribio hadi kazi ya kila siku ilikuwa ndefu. Swift alihamia Chuo Kikuu cha Massachusetts na kuendelea kukiboresha. Watafiti walidondosha vipimo vidogo vyenye parachuti kutoka ndege ileile ili kulinganisha namba, na fomula ya kugeuza joto kuwa upepo ilirekebishwa mwaka 2007 na tena 2014. Hata leo wanabishana juu ya usomaji wa pepo kali kabisa, na karibu na ufuko, ambako mawimbi yanavunjika kwa sababu ya kina kifupi, povu linaweza kudanganya. Mjomba nilipomweleza hilo alicheka. "Hata mtoto anajua povu la mwambani si la upepo."

Faida yake ilionekana wazi baada ya Katrina mwaka 2005. Siku kimbunga kile kilipoingia Louisiana kilitangazwa kuwa cha daraja la 4. Miezi michache baadaye, vipimo vya ndege, vikiwemo vya radiometa, vilipochambuliwa, wataalamu walikishusha hadi la 3. Mji ulikuwa umeshazama, na namba haikumfufua mtu. Lakini anayejenga ukuta wa kuzuia maji anahitaji kujua ni upepo gani hasa uliovunja ule wa kwanza. Sasa chombo hicho kimefungwa kwenye ndege za kuwinda vimbunga za Marekani, za kiraia na za jeshi la akiba.

* * *

Ukichukua ramani ya dunia na kuweka alama kila ndege hizo zinapokwenda kwa ratiba, Atlantiki na Karibi zitajaa. Pasifiki ya magharibi ilikuwa na safari zake kutoka Guam, zikasimamishwa mwaka 1987. Katika kusini-magharibi ya Bahari ya Hindi, bahari yetu, watafiti wamewahi kupita, lakini ndege ya kwenda kila kimbunga kinapokaribia watu haipo.

Sikusema bahari yetu haijawahi kuvutia ndege. Mwaka 1979 ndege za utafiti za Marekani zilikuja Bahari ya Hindi kwa mradi mkubwa wa kimataifa wa kuchunguza monsuni ya Asia. Upepo waliouchunguza ni kusi, huu unaopita kwetu kwanza kabla ya kugeuka na kupeleka mvua India. Walikuwa na sababu nzuri, maana mamia ya mamilioni ya watu wanategemea mvua hiyo. Lakini kimbunga cha Aprili kinachokuja mara moja katika miongo kadhaa kwenye pwani ya Kusini hakijawahi kupata bajeti ya aina hiyo.

Na kweli vinakuja kwa nadra. Mtwara iko nyuzi 10 kusini ya Ikweta, na karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hausukumi hewa vya kutosha kuifanya izunguke. Nadra lakini si kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Zanzibar, kikazamisha meli za Sultani Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ndiyo sababu mojawapo Pemba ikawa kisiwa cha karafuu. Kisha Lindi 1952. Kisha Kenneth.

Mwaka 1872 na 1952 hakuna aliyejua mpaka upepo ulipofika. Setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa ilirushwa mwaka 1960. Miaka ya 1970 Mmarekani Vernon Dvorak alibuni njia ya kukadiria nguvu ya kimbunga kwa kutazama umbo la mawingu yake kwenye picha: yamejikunja kiasi gani, jicho liko wazi kiasi gani, vilele vyake vina baridi kiasi gani. Kwa nchi zisizo na ndege njia hii ilikuwa neema, na imeokoa maisha ya watu wengi. Ndiyo msingi wa kazi ya kituo cha Ufaransa kilichopo kisiwani La Réunion, ambacho tangu 1993 kina jukumu la kufuatilia vimbunga vya eneo letu lote na kuzipa taarifa mamlaka za nchi, pamoja na TMA yetu.

Lakini tuelewe inachofanya. Inatazama mawingu kwa juu na kukisia upepo ulio chini. Ni kama kumtazama mtu uso ukakisia ana homa kiasi gani. Daktari mzoefu hukosea kidogo. Hata hivyo bado hajaweka kipimajoto.

* * *

Sasa narudi kwenye bati letu.

Waliotoa onyo la tarehe 25 Aprili walijua mambo makubwa kwa uhakika. Walijua kimbunga kipo, kiko wapi, kinaelekea magharibi, na kwamba upepo karibu na kitovu ulikuwa mkali mno. Wiki sita kabla, Idai alikuwa ameibomoa Beira, na haikuwa imewahi kurekodiwa Msumbiji ikipigwa na vimbunga viwili vikali hivyo katika msimu mmoja. Kitu kigumu kilikuwa upana. Upepo wa kuharibu unafika kilomita ngapi kutoka kitovuni, na upande wa kaskazini, upande wetu, unaishia wapi? Kilomita 200 ni umbali mdogo kwa kimbunga kipana, na ni umbali wa salama kwa kimbunga chembamba.

Ndege yenye radiometa ingekata kimbunga kutoka upande hadi upande, ikasoma povu hatua kwa hatua, ikarudi na mstari unaoonyesha upepo unapoanzia na unapoishia. Zipo setilaiti zinazosoma upepo wa baharini, lakini zinapita kwa saa zake, si kwa saa za kimbunga. Wazo la povu lenyewe limepanda angani pia. SMOS ya Ulaya, iliyorushwa 2009, na SMAP ya Marekani ya 2015 zina radiometa za masafa ya chini sana ambayo mvua haiyasumbui sana. Zilitengenezwa kupima chumvi ya bahari na unyevu wa udongo, kisha watafiti wakagundua zinaweza kusoma pepo za vimbunga kupitia povu. Tatizo ni kwamba doa moja la usomaji wake lina upana wa kilomita 40 hivi. Kiini cha kimbunga kidogo kinatoshea chote ndani yake na kupotea.

Sitaki kusema kwamba ndege ingemwokoa mtu wa Macomia. Watu makumi walikufa Cabo Delgado, na walikufa kwa nyumba za miti na udongo, kwa mvua iliyoendelea siku kadhaa baada ya upepo, na kwa kuishi katika jimbo ambalo tayari lilikuwa vitani. Namba sahihi ya upepo haiezeki nyumba. Ninachosema kinahusu upande wetu, waliosalimika. Siku ile tulipewa onyo lililokuwa pana kwa sababu ujuzi ulikuwa mpana. Kwa asiyejua, onyo pana ambalo halikutimia linafanana na uongo. Ndivyo utani wa kijiweni ulivyozaliwa. Na utani wa namna hiyo una gharama, ila bili yake huja kwa kimbunga kinachofuata.

Siku ya tisa simu ya Bibi iliita. Mdogo wake alikuwa hai, akipiga kwa simu ya mtu mwingine. Walizungumza Kimakonde, haraka, na Bibi alikuwa anarudia swali moja: upepo ulianza saa ngapi? Alipokata simu alituambia kwamba kule paa liliondoka lote kwa mkupuo mmoja, kabla ya usiku wa manane. Mjomba alikuwepo. Hakusema lolote kuhusu povu.

* * *

Mwanzoni mwa Mei 2024 nilikuwa Dar es Salaam, katikati ya masomo, jina lilipokuwa Hidaya. Nilimpigia Mjomba.

"Mmesikia tangazo?"

"Tumesikia, mjomba. Kijiweni wanasema ni Kenneth mwingine."

"Na wewe unasemaje?"

Alikaa kimya kidogo. "Niambie wewe uliyesoma. Safari hii wameupima huo upepo, au wamekisia?"

Nilifikiria kumweleza kuhusu Dvorak, na Nordberg, na sufuria mbili za Bibi. Nikamwambia ukweli kwa kifupi. Kwamba hakuna ndege iliyokwenda. Kwamba wamekisia, lakini ni makisio ya watu wanaojua, na wakikosea watakosea upande wa kutuweka hai.

"Sawa," alisema. "Basi ngoja niwaite vijana tuivute mashua juu."

Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei ikiwa imepungua nguvu. Mtwara haikupigwa na upepo wa kutisha. Lakini mvua yake iliikata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa, na kwa siku kadhaa Kusini yote ilikuwa kama kisiwa. Nilipompigia tena nilitegemea lawama, maana mashua ilikuwa imekaa nchi kavu siku nne bila kuingiza shilingi.

Aliniuliza kitu kingine. Alitaka kujua hicho chombo kinachosoma povu kina uzito gani, na kama lazima kifungwe kwenye ndege kubwa. Nilimwambia sijui kwa nini anauliza.

"Nauliza tu," alisema. "Ndege ndogo za watalii zinapita hapa kila siku."